Deni la diploma: nani alilipa zamani, nani analipa leo



Mdogo wangu amepata diploma ya Leta. Jioni moja tulikuwa tumekaa mbele ya nyumba, hapa Mapendo, akaniuliza: “Yaya, niingie chuo, ao mama anisaidie ninunue pikipiki?”

Sikumjibu haraka, juu mama iko na daftari. Ndani yake mumeandikwa minervali yangu ya miaka mitano: mbuzi waliouzwa, zamu yake ya likelemba, kipande cha shamba, na pesa aliyokopa kwa riba kubwa, ile tunaita banki lamberi. Hakuna ofisi itakayokuja kunidai. Lakini mama anajua kila mstari.

Wenzetu wa Kenya wako na HELB tangu 1995. Tanzania wako na HESLB, iliyoundwa kwa sheria ya 2004. Kule unakopa, unatia sahihi, ukipata kazi unakatwa mshahara. Kwetu bodi ya mikopo ni mama, shangazi, kanisa na likelemba. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama diploma bado inafaa deni lake, tuulize kwanza: deni hili liliingia nyumbani kwetu lini? Juu halikuwepo siku zote.

Turudi nyuma. Chuo kikuu cha Lovanium, karibu na Léopoldville, kilianza 1954. Kile cha Elisabethville kilifuata 1956. Mwaka huo huo Thomas Kanza alimaliza Louvain, kule Ubelgiji, kati ya Wakongomani wa kwanza wasio mapadri kupata diploma ya chuo kikuu. Uhuru ulipofika, tarehe 30 mwezi wa sita 1960, Wakongomani wenye diploma hiyo hawakufika 30 kwa nchi nzima.

Wabelgiji walipokimbia, viti vilibaki wazi. Mwezi wa tisa 1960 Mobutu aliweka serikali ya makomisea, chini ya Justin Bomboko. Wengi wao walikuwa vijana waliotoka tu chuo, na wengine walikuwa bado wanasoma. Fikiria hilo: mwanafunzi anatoka auditorio, anaingia wizarani. Serikali ile ilidumu miezi michache tu, lakini wazo lilibaki katika kichwa cha kila mzazi: soma, utakuwa mkubwa wa Leta. Na wakati ule mzazi hakuuza shamba. Leta yenyewe ilitoa bursi, pesa ya mwanafunzi.

Bursi hiyo haikuwa zawadi. Watu waliilipia kwa damu. Tarehe 4 mwezi wa sita 1969, wanafunzi wa Lovanium walitembea Kinshasa wakidai, kati ya mambo mengine, bursi inayotosha kuishi. Askari waliwapiga risasi, wengi wakafa. Mwaka 1971 wenzao walipotaka kuwakumbuka, Mobutu aliwaingiza jeshini kwa nguvu. Mwaka huo huo vyuo vikuu vyote vitatu, pamoja na kile cha Kisangani, vikaunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, chini ya mkono wa Leta.

Halafu pesa ikaisha. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, na nchi ikazama katika madeni. Mwaka 1981 UNAZA ikagawanywa tena. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990, kwa uporaji wa 1991 na 1993 na bei zilizopanda kwa maelfu ya asilimia, bursi haikuwa tena kitu cha kutegemea. Walimu waligoma, wazazi wakaanza kuwalipa wenyewe ile prime tunayoijua. Mwaka 2019 Leta ilitangaza shule ya msingi bure. Chuo hakikuwemo.

Angalieni sasa Goma yetu. ULPGL ilianzishwa na kanisa la Wabaptisti 1985. UNIGOM ilianza 1993 kama tawi la Kisangani, ikajitegemea 2004. Vyuo vilitufikia mlangoni wakati ule ule Leta ilikuwa inaacha kulipa. Hapo ndipo daftari la mama lilifunguliwa.

Kwa muda ONG zilishika nafasi ya Leta. Baada ya wakimbizi wa 1994, baada ya volkano ya 2002, mwenye lisansi aliweza kupata mkataba na mshahara wa dola. Lakini mwezi wa kwanza 2025 vitu viwili vilitokea pamoja: Marekani ilisimamisha misaada yake, na M23 iliingia Goma, benki zikafunga milango. Mnajua wenyewe ni marafiki wangapi walirudi nyumbani na mabegi yao.

Ndiyo maana naona tunakosea kipimo. Ahadi ya “soma, Leta itakupa kiti” ilitoka kwa viti vya 1960, na viti vile vilijaa zamani. Sisi tunalipa bei mpya, kwa jasho la mama, halafu tunadai ahadi ya zamani. Ikikosa kutimia tunasema masomo ni bure kabisa. Hapana. Muuguzi anayejua kazi, fundi umeme, mwanasheria anayesimamia kesi za mashamba, hawa watu wanawahitaji hata wakati wa vita. Kilichokufa ni nguvu ya karatasi peke yake.

Na wale wanaosema “nunua pikipiki” wasitudanganye pia. Pikipiki inachakaa, inakamatwa, inaibwa, na mara nyingi nayo imenunuliwa kwa deni.

Basi nilimwambia mdogo wangu hivi. Tangu mfumo wa LMD uingie 2021-2022, lisansi ni miaka mitatu, si mitano. Hesabu miaka hiyo mbele: minervali, usafiri, notisi, memwari. Tafuta watu watatu waliomaliza option ile unayoitaka, uwaulize wanakula nini leo, si wanaitwa nani. Jiulize utajua kufanya nini kwa mikono ao kwa kichwa siku utakapotoka, hata kama hakuna atakayekuandika kazi. Na kila pesa mama atakayotoa, iandike wewe mwenyewe.

Alinunua daftari lake siku iliyofuata. Hajaamua bado. Amekwenda kwa watu wawili, wa tatu anamtafuta. Mama alipoona ile daftari alicheka, kisha akaleta lake, akaliweka pembeni. Mimi pia nilishika kalamu nikaandika kwenye ukurasa wangu, kwa mara ya kwanza, pesa ya kwanza niliyomrudishia. Ni kidogo sana, lakini imeandikwa.

Kwenu nyumbani, nani alilipa? Na ninyi mlishamwuliza ni kiasi gani?