Macho ya Kuazima

Siku za kufua, sisi wajukuu tulivizia maji ya mwisho ya beseni kabla bibi hajayamwaga. Tulikata kikonyo cha jani la mpapai, chenye uwazi ndani kama mrija, tukachovya ncha yake kwenye maji ya sabuni na kupuliza taratibu. Ukipuliza kwa pupa hupati kitu. Bibi alikaa barazani. Alikuwa na mtoto wa jicho, haoni zaidi ya mwanga na kivuli, lakini kila nilipopuliza aliuliza, "Kimefika wapi, mjukuu wangu?"

"Kimepita mwembe, bibi."

Mara nyingi kiputo kilikuwa kimepasuka hata kabla ya kuvuka kamba ya nguo.

Uongo ule ulinirudia mwaka huu, nikisoma shahada ya uzamili ya historia, nilipokutana na habari za Joseph Plateau. Alikuwa Mbelgiji, aliyezaliwa mwaka 1801 na kuja kuwa profesa wa fizikia katika mji wa Ghent. Mwaka 1832 alibuni kisahani cha kuzungushwa ambacho kilifanya picha zilizochorwa zionekane zinatembea, kwa hiyo anatajwa miongoni mwa waliofungua njia ya sinema. Mtu huyo aliyeshughulika sana na kuona alipoteza macho yake. Kwa muda mrefu ilisimuliwa kwamba chanzo ni jaribio la mwaka 1829, alipolikodolea jua macho; waliochunguza habari zake baadaye wanaelekea zaidi kwenye ugonjwa wa ndani ya jicho. Vyovyote iwavyo, katikati ya miaka ya 1840 alikuwa kipofu kabisa, na aliishi hivyo hadi alipofariki mwaka 1883.

Kazi yake kubwa kuhusu tando za sabuni aliifanya akiwa gizani. Alichanganya sabuni na gliserini ili utando udumu muda mrefu, kisha fremu za waya zikachovywa humo. Chovya fremu ya umbo la mchemraba. Utatarajia utando uzibe kila upande kama karatasi kwenye dirisha. Haizibi hivyo. Tando hukimbilia katikati, na pale kati huning'inia kipande kidogo cha mraba.

Sababu yake ndiyo ile ile inayofanya kiputo kiwe duara. Uso wa maji hujivuta kama mpira ulionyooshwa, ukitafuta kuwa mdogo kadiri inavyowezekana, na kwa hewa iliyofungiwa ndani hakuna umbo lenye uso mdogo kuliko tufe. Maji matupu hujivuta kwa nguvu mno, utando ukakatika. Sabuni huipunguza nguvu hiyo. Plateau aligundua kwamba tando hukutana tatu tatu, kwa pembe za nyuzi 120, na kwamba kingo zinapokutana mahali pamoja huwa nne. Kitabu chake kilitoka mwaka 1873. Uthibitisho wa kihisabati wa kanuni hizo ulisubiri hadi mwaka 1976, ulipotolewa na Jean Taylor wa Marekani.

Lakini nani aliyeona? Plateau alipanga majaribio kichwani, wengine wakachovya, wakatazama na kumsimulia. Miongoni mwao walikuwamo mwanawe Félix na mkwewe Gustave Van der Mensbrugghe. Kanuni zinaitwa za Plateau, na ni haki, maana maswali yalikuwa yake. Hata hivyo kila jibu lilipita kwenye kinywa cha mtu mwingine. Mmoja wao angesema "kimepita mwembe" ili kumfurahisha mzee, kitabu kizima kingeharibika.

Likizo iliyopita nilirudi kijijini. Nilikata kikonyo, nikakaa karibu na bibi na kumsimulia nilichokiona kweli. Rangi ya waridi na kijani zikizunguka, kwa kuwa mwanga hurudi kutoka nyuso mbili za utando, wa nje na wa ndani. Kisha maji yakiteremka, utando ukizidi kuwa mwembamba upande wa juu, rangi zikififia, na doa jeusi likitokea juu kabisa.

"Halafu?"

"Kimepasuka, bibi. Hapa hapa kwenye kamba."

Alinyamaza kidogo. Nikamwambia na yale ya zamani, kwamba karibu vyote vilikuwa vinaishia hapo.

"Nilijua," akasema. "Ulikuwa unajibu haraka mno. Mtu anayetazama hukawia." Kisha akaniambia nipulize kingine.