Ndovu Mayatima

Katika karne ya 19, misafara ya watu wa pwani ilifika hadi Mumias, magharibi ya mji wa Turbo, ikitafuta pembe za ndovu, biashara iliyowatajirisha wengi na kuangamiza wanyama wasio na hesabu. Leo mkazi wa Turbo atakaye kuwazuru ndama mayatima wa ndovu hana budi kusafiri hadi Nairobi, kwenye makao yaliyoasisiwa mwaka 1977 na Bibi Daphne Sheldrick, kwa ukumbusho wa marehemu mumewe David, mkuu wa kwanza wa hifadhi ya Tsavo Mashariki. Bibi huyo, baada ya majaribio ya miaka mingi, alitambua kuwa mafuta ya nazi huwafaa ndama wasioweza kuhimili shahamu ya maziwa ya ng'ombe. Wakikua, hurejeshwa mwituni Tsavo. Ewe msomaji, wapeleke wanao wakajifunze rehema.