Wajibu wa pamoja kwa maumbile na vizazi vijavyo (Kamina na nchi ya Waluba)

Wajibu wa pamoja kwa maumbile na vizazi vijavyo ni msimamo wa kimaadili unaosema kwamba ardhi, maji, misitu na wanyama ni amana: walio hai wameipokea kwa waliotangulia, na hawana budi kuifikisha kwa watakaozaliwa. Huko Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, msimamo huu una mizizi katika fikra za Waluba, wenyeji wa eneo hilo, umejadiliwa na wanafalsafa, na wajibu wa kutetea mazingira sasa umo ndani ya katiba ya nchi.

Mahali na historia

Kamina ni mji wa reli katika nyanda za miombo. Haut-Lomami ilikuwa sehemu ya jimbo la Katanga hadi mwaka 2015, ilipofanywa jimbo kamili. Kuelekea mashariki kuna bonde la Upemba, ambako mto Lualaba hupita kati ya maziwa na mafunjo. Kando ya ziwa Kisale, makaburi ya Sanga, yaliyochimbuliwa na wanaakiolojia kuanzia mwaka 1957, yalitoa vyungu, shaba na zana za chuma za watu walioishi hapo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Uvuvi umelisha bonde hilo kizazi baada ya kizazi.

Msingi katika fikra za Waluba

Kwa Waluba, jamii haiishii kwa walio hai. Mfalme alipofariki, makao yake yaligeuka kuwa mahali patakatifu, na mwanamke aliyepandwa na roho yake aliendelea kusema kwa niaba yake. Wajuzi wa chama cha Mbudye walitunza kumbukumbu za wafalme na za mahali hapo patakatifu kwa lukasa, ubao wenye shanga unaosomwa kwa vidole. Nchi ilikuwa na wenyewe waliokufa, na aliyeitumia alijua kwamba ana wa kumjibu.

Mjadala wa kifalsafa

Mmisionari Mbelgiji Placide Tempels, aliyeishi miongoni mwa Waluba wa Katanga, alichapisha kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Alieleza uhai kuwa nguvu inayotoka kwa Mungu, ikipitia kwa wahenga hadi kwa walio hai. Katika mpangilio huo, wanyama, mimea na madini viko chini ya binadamu ili vimwongezee nguvu. Kwa hiyo, kwa maelezo ya Tempels, mti haulindwi kwa ajili yake wenyewe. Anayeumaliza msitu huwakosea watu: waliomwachia na watakaoukosa.

Mbenini Paulin Hountondji alipinga kulibebesha kabila zima falsafa moja isiyo na mwandishi wala hoja. Mkongo V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alionyesha jinsi maandishi ya wageni yalivyoiumba picha ya Afrika. Pingamizi hizo zina uzito hapa. Wajibu haurithiwi kama jina la ukoo. Kila kizazi hujadiliana, hukubaliana na kujifunga upya. Mjerumani Hans Jonas alifika karibu na wazo la wajibu huu mwaka 1979 alipodai kwamba nguvu za teknolojia zimewapa walio hai jukumu kwa watu ambao bado hawajazaliwa.

Sheria na utekelezaji

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ibara ya 53, humpa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na pia wajibu wa kuyatetea. Sheria ya Julai 2011 iliweka kanuni za msingi za ulinzi wa mazingira.

Historia ya Hifadhi ya Taifa ya Upemba yaonyesha ugumu uliopo. Ilianzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1939 ikiwa na zaidi ya kilomita za mraba 17,000. Mwaka 1975 ilipunguzwa hadi takriban 11,730. Mipaka ilichorwa na wakubwa wa mbali, na mvuvi au mkulima aliyeambiwa aondoke hakupewa nafasi ya kuamua. Amana isiyojadiliwa na wenyeji huonekana kwao kuwa mali ya mtu mwingine.

Katika maisha ya kila siku, wajibu huu hupimwa kwenye makaa ya kupikia na kwenye nyavu. Miti mingi ya miombo huchipua tena ikikatwa bila kung'olewa kisiki na ikikingwa na moto. Samaki nao huongezeka wakiachwa wazae na nyavu za matundu madogo zikiwekwa kando.

Wajibu wa pamoja si wajibu sawa. Mkutano wa Rio wa mwaka 1992 kuhusu mazingira na maendeleo ulikubali kwamba mataifa yanabeba jukumu kwa viwango tofauti, kulingana na madhara yaliyosababisha na uwezo yaliyo nao. Mama wa Kamina asiye na umeme hawezi kudaiwa sawa na nchi tajiri zenye viwanda. Haki ndiyo inayoupa wajibu huu nguvu: anayeombwa kumwachia mjukuu msitu sharti kwanza apate nishati nyingine ya kupikia, na sauti katika maamuzi juu ya ardhi yake.