Marcel Lihau, Mkubwa wa Kwanza wa Korti Kuu ya Kongo

Hapa Bukavu kila mtu anajua uzito wa kupelekwa kortini. Mwenye shamba lililonyang'anywa, mjane aliyefukuzwa nyumbani, wote huuliza kwanza swali moja: Je, mwamuzi huyu ataangalia sheria, ama atamwangalia mwenye nguvu? Kwa sababu hiyo inafaa tujue maisha ya Marcel Lihau, aliyekuwa wa kwanza kuongoza Korti Kuu ya nchi yetu.

Alizaliwa Lisala, katika jimbo la Equateur, tarehe 29 Septemba 1931. Alisoma seminarini, lakini hakuwa padri. Siku zile Wabelgiji waliwapa Wakongomani elimu ya ukarani, ya ualimu na ya kumsaidia daktari. Njia ya sheria walikuwa hawajawafungulia. Mapadri Wajesuiti walioona akili yake walimsaidia kujifunza masomo yaliyotakiwa, hata akaingia Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven, huko Ubelgiji. Hivyo akawa mmoja wa Wakongomani wa kwanza kusoma sheria. Mwanzo wa mwaka 1960, wakubwa wa vyama walipokutana Bruxelles na serikali ya Ubelgiji kusemezana juu ya uhuru, Lihau, ingawa alikuwa bado mwanafunzi, aliwahimiza wawe na sauti moja.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, waamuzi wa korti walikuwa Wazungu, na wengi wao walikimbia baada ya siku chache. Basi wale wachache waliosoma sheria walibebeshwa mzigo mkubwa. Mwaka 1963 Lihau alipewa kuongoza masomo ya sheria katika Chuo Kikuu cha Lovanium. Alisaidia kutunga Katiba ya Luluabourg, ambayo raia waliikubali kwa kura mwaka 1964. Mobutu alipotwaa utawala Novemba 1965, alimwagiza atunge katiba nyingine. Hiyo ikatoka mwaka 1967. Mwaka uliofuata Lihau akawekwa kuwa mkubwa wa Korti Kuu.

Hapo ndipo jaribu lilipoanza. Katiba ya 1967 ilimpa Rais nguvu nyingi mno, na aliyesaidia kuiandika sasa alipaswa kuhukumu chini yake. Lihau alitetea neno moja: mwamuzi asiamriwe na mtu, ila na sheria. Lakini mwaka 1974 katiba ikabadilishwa, korti nazo zikawekwa chini ya chama kimoja, MPR. Mwaka 1975 Lihau alitakiwa kutekeleza adhabu kali juu ya wanafunzi walioandamana. Akakataa. Mobutu akamwondoa kazini mara moja, akamfungia nyumbani mwake.

Hakurudi tena katika kiti kile. Mwaka 1982 alijiunga na wenzake kuanzisha chama cha UDPS. Kwa ajili hiyo alinyimwa haki zake, akapelekwa kukaa kijijini kwa nguvu. Afya yake ikazorota. Mwaka 1985 alikimbilia Marekani, akafundisha sheria za katiba katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alirudi Kongo mwaka 1990, siku za mazungumzo juu ya kugeuza utawala, kisha akaenda tena Marekani kutafuta matibabu. Huko Boston akafariki tarehe 9 Aprili 1999.

Katiba ya mwaka 2006 imeandika wazi kwamba waamuzi katika kazi yao wako chini ya sheria tu. Ni jambo jema. Lakini maandishi hayawezi kukataa amri mbaya. Anayekataa ni mtu, na mtu huyo hulipa. Lihau alilipa kwa cheo chake, kwa uhuru wake na kwa kukaa mbali na nchi yake.

Sisi nasi huhukumu: baba katika ugomvi wa watoto, mzee katika mpaka wa shamba, mkubwa wa kamati katika feza za wote. Siku mwenye nguvu atakapotuomba tumwonee mdogo, tukumbuke mtoto huyu wa Lisala aliyekubali kupoteza kiti kuliko kuwaonea wanafunzi.