Baridi ya Rungwe na Mwindaji

Wageni waliokuja kuwinda wanyama wakubwa walidhani Afrika yote ni joto. Lakini katika nyanda za Kiwira, chini ya Mlima Rungwe wenye kimo cha takriban mita 2,960, kipupwe cha Juni hadi Agosti huleta ukungu unaoficha nyayo, vidole hufa ganzi, na baruti ya gobore ikilowa haiwaki. Hapo silaha haitoshi. Mwokozi ni mwenyeji ajuaye njia na kuni zishikazo moto. Hata hivyo, amri ya Gavana von Wissmann ya mwaka 1896 ilidai leseni ya kuwinda, na mawindo ya jadi yakaanza kuitwa ujangili. Vitabu vikahifadhi majina ya wenye bunduki. Yatupasa sisi kuhifadhi ujuzi wa waliowaongoza.