Mwenye Ofisi, Mwenye Nyumba

Kisumu Ndogo, pale Kibera, mpangaji anaweza kukaa miaka katika chumba cha futi kumi kwa kumi asimjue mwenye nyumba kwa sura. Kodi huichukua keateka, yaani mtunza nyumba. Bati likivuja unamwona keateka. Ukichelewa kulipa, anayeng'oa mlango ni keateka. Ukiuliza nyumba ni ya nani, utaambiwa ni ya mkubwa fulani.

Wakubwa hao wana historia. Ardhi ya Kibera ilihesabiwa kuwa ya serikali tangu Waingereza walipowapa makao hapo askari Wanubi, mwanzoni mwa karne ya 20. Baada ya uhuru, aliyetaka kusimamisha vyumba hakwenda kutafuta hati. Alimwendea chifu, na ruhusa ya chifu, aghalabu iliyolainishwa kwa kitu kidogo, ikawa ndiyo kibali.

Miongoni mwa wakubwa hao wamo watumishi wa serikali, ambao wakati wa mkoloni walibanwa wasifanye biashara. Mwaka 1971 tume ya Duncan Ndegwa, gavana wa Benki Kuu wakati huo, ikalegeza kamba: mtumishi wa umma na amiliki mali, afanye biashara, mradi kazi isiharibike. Hoja yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Biashara nyingi zilikuwa mikononi mwa wageni, na Waafrika wengi waliosoma walikuwa serikalini. Lakini tume hiyohiyo ilipendekeza pia ofisi ya kusikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali. La biashara lilipokewa kwa mikono miwili. La malalamiko lilingoja hadi 2007, tena likaanza kama kamati isiyo na meno. Mimi lawama zangu ziko hapo, kuliko kwa Ndegwa.

Mwaka 2006, mwandishi Mike Davis aliandika katika kitabu chake Planet of Slums kwamba katika mtaa mmoja wa mabanda Nairobi, asilimia 57 ya nyumba zilikuwa za wanasiasa na watumishi wa serikali. Basi nani angeharakisha kuleta mabomba ya maji, au kupunguza kodi, na kodi yenyewe inaingia mfukoni mwake? Mwishoni mwa 2001 Rais Moi na Raila Odinga, mbunge wa eneo la Kibera, walitaka kodi ya nyumba huko ishushwe. Wapangaji na wenye nyumba wakavaana, watu wakafa. Wenye nyumba waliokabiliwa ni Wanubi, kwa kuwa wao walikuwa wakiishi papo hapo. Mkubwa fulani hakuwepo.

Sheria ya maadili ya 2003 iliwataka watumishi watangaze mali zao, kisha fomu zikawekwa siri. Katiba ya 2010 ikaongeza Sura ya Sita, kuhusu uongozi na uadilifu, na Julai 2025 Rais Ruto akatia saini sheria ya mgongano wa maslahi. Lakini banda lisilo na hati, lililojengwa juu ya ardhi ya serikali, halimo katika daftari lolote la kulinganishia fomu hizo. Na kodi ikitumwa kwa M-Pesa, jina linalotokea ni la keateka.