Mabaka Barabara ya Ggaba

Hakuna kitu kinachoonekana haraka Kabalagala, Kampala, kama gari la jeshi lenye mabaka. Jioni, Barabara ya Ggaba inawaka taa za baa za kila rangi, rolex, zile chapati za mayai, zinakaangwa kando ya njia, na taksi nyeupe zimebanana na bodaboda. Likitokea gari la kijani na kahawia kutoka upande wa Makindye, iliko kambi ya Polisi wa Jeshi, bodaboda wanapisha bila kupigiwa honi. Rangi iliyobuniwa ili gari lisionekane ndiyo inayolitangaza.

Walioanzisha kazi ya kupaka mabaka hawakuwa makamanda, walikuwa wachoraji. Mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Ufaransa liliunda kikosi maalumu cha kuficha mizinga na kumweka mchoraji Lucien-Victor Guirand de Scévola akiongoze. Ndege za upelelezi zilikuwa zimeanza kupiga picha kutoka juu, na mzinga uliopakwa rangi moja ulionekana wazi. Mwaka uliofuata Waingereza wakamtumia Solomon J. Solomon, naye mchoraji wa picha za watu, kuvipaka rangi vifaru vya kwanza duniani. Kazi yake haikudumu: vifaru viliingia kwenye matope ya Ufaransa na vyote vikatoka na rangi ya matope.

Vita vya Pili ndivyo vilivyoigeuza sanaa hiyo kuwa kazi ya bomba la kupulizia. Kuanzia Februari 1943, vifaru vya Ujerumani vilitoka kiwandani na rangi ya manjano iliyofifia, kisha askari wake wakapewa makopo ya rangi nzito ya kijani na ya kahawia nyekundu. Waliizimua wenyewe kwa maji au kwa petroli, wakapuliza kulingana na mahali walipo. Ndiyo maana vifaru viwili vya kikosi kimoja havikufanana.

Fundi rangi wa Katwe, mtaa wa gereji Kampala, angeielewa kazi hiyo mara moja, isipokuwa jambo moja lingemkera: hairuhusiwi kung'aa. Hatua za mwanzo ni zile zile za gereji yoyote. Unakwangua kutu, unapiga msasa, unaziba mashimo kwa puti, unafunika vioo na taa kwa magazeti, unapiga praima. Halafu inakuja rangi ya chini, nayo ni kavu kama ukuta wa chokaa, kwa sababu mng'ao mmoja wa jua kwenye boneti unaonekana kutoka mbali. Mabaka yanachorwa kwanza kwa chaki, kila baka likiandikwa rangi yake ndani. Hapo mkono ndio unaoamua. Bomba likikaribia bati, ukingo wa baka unakuwa mkali. Likirudi nyuma kidogo, rangi zinaingiliana kama wino kwenye karatasi mbichi. Na baka halikomei mahali mlango unapokomea. Lazima livuke, lipande kwenye bawa la tairi, lizunguke kona, kwani kinachofichwa hasa ni umbo. Jicho linatafuta mstari ulionyooka na pembe, na fundi anazikata. Wengine walipaka hata tumbo la mtutu wa mzinga rangi nyeupe ili kuua kivuli chake, wazo la mchoraji wa Marekani Abbott Thayer aliyekuwa akichunguza kwa nini wanyama wengi wana tumbo jeupe.

Yote hayo ni ya porini. Mjini, waliojaribu kwa dhati ni Waingereza wa Berlin Magharibi. Mwaka 1982 vifaru vyao vya Chieftain vilipakwa miraba ya nyeupe, kijivu na kahawia, iliyopangwa ili kifaru kilichoegeshwa kando ya jengo kionekane kama kipande cha ukuta na madirisha yake. Sijaona jeshi la Afrika Mashariki likijaribu kitu kama hicho, na sioni sababu ya kukijaribu Kampala. Gari la jeshi linalopita Kabalagala halijafichwa kwa makusudi, linataka kuonekana.

Anayetaka kujificha mjini hupaka rangi ya kiraia, na Uganda ina mfano maarufu kuliko yote. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomando wa Israeli walitua Entebbe kuwaokoa abiria wa ndege ya Air France iliyotekwa Juni 27. Kutoka kwenye ndege ya kwanza ikashuka Mercedes nyeusi ikifuatwa na Land Rover mbili, ili walinzi wadhani ni msafara wa Rais Idi Amin. Mercedes hiyo ilikuwa ya raia, tena nyeupe. Askari waliipaka nyeusi haraka haraka kabla ya safari na kuitengenezea namba za Uganda.

Karibu na jengo la zamani la abiria, mlinzi akainua bunduki na kuwaamuru wasimame. Wakampiga risasi, na siri ikavuja kabla hawajafika mlangoni. Simulizi iliyoenea inasema mlinzi aligutuka kwa sababu Amin alikuwa amebadilisha gari na sasa anatembelea Mercedes nyeupe. Ni hadithi tamu mno, nami naipokea kwa tahadhari. Muki Betser, komando aliyekuwa ndani ya Mercedes hiyo na ambaye miaka ya nyuma aliwafunza askari wa Uganda, alieleza baadaye kwamba ule ulikuwa utaratibu wa kawaida wa mlinzi, na wangepita tu. Kama ni hivyo, rangi ilifanya kazi yake. Waliokosa subira ni waliokuwa ndani.

Kabalagala nayo ilikuja kupigwa na watu waliofika bila mabaka. Tarehe 11 Julai 2010, wakati wa fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka kwenye mgahawa wa Ethiopian Village wa Kabalagala na katika uwanja wa Kyadondo, yakaua zaidi ya watu 70. Wapiganaji wa Al-Shabaab wa Somalia walikiri, wakitaja kama sababu askari ambao Uganda iliwapeleka Somalia tangu 2007. Waliobeba mabomu walijichanganya na watazamaji wa mpira.

Serikali imeyalinda mabaka kwa ukali. Sheria ya jeshi ya 2005 iliruhusu raia anayekutwa na vitu vya jeshi afikishwe mahakama ya kijeshi, ile ya Makindye, na Septemba 2019 bereti nyekundu, alama ya wafuasi wa upinzani, zikaingizwa kwenye orodha ya vitu hivyo. Januari 2025 Mahakama ya Juu ikakataza raia kushtakiwa huko. Katikati ya mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kuirudisha ruhusa hiyo.

Hata hivyo, gari lililoogopwa zaidi kwenye uchaguzi wa 2021 halikuwa na baka hata moja. Lilikuwa Toyota HiAce ya kawaida yenye vioo vya giza, Waganda wakaiita drone, na wafuasi wa upinzani walisimulia jinsi walivyotupwa ndani yake. Tangu 2023 serikali inafunga namba za kidijitali kwenye magari ili yafuatiliwe popote yalipo. Drone nyingi zilizoelezwa na wahanga hazikuwa na namba.